Mlango Uliomwita Mama Pindo Mwizi

Kwa siku tisini na moja, mlango wa duka kubwa la vitambaa katikati ya mji ulimwita Mama Pindo mwizi, naye hakuwa ameiba hata uzi. Tuhuma yenyewe iliandikwa kwa wino mweusi kwenye ubao wa mlangoni ambao siku nyingine ulitumika kutangaza mzigo mpya: "Mshonaji wa mtaa wa nyuma ya stesheni, ajulikanaye kama Mama Pindo, amekamatwa akikata vitambaa vya duka. Ni marufuku kuingia." Hakuhojiwa na mtu, wala hapakuwa na shahidi aliyemwona akikata. Msimamizi wa duka aliamua peke yake, akaandika kwa mkono wake, akafuta wino vidoleni, akaenda kula chakula cha mchana.

Ili uzito wa jambo hilo ueleweke, yafaa kwanza ieleweke Jumamosi ilikuwa kitu gani kwa Mama Pindo na binti yake.

Tangu afiwe na mumewe, mwanamke huyu aliishi na kufanya kazi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda. Mbele kulikuwa na cherehani, pasi, na meza ndefu iliyokuwa ya kukatia nguo mchana na ya kulia jioni, hivi kwamba si ajabu kupata pini kwenye bakuli la sukari. Watu walimwita Mama Pindo kwa sababu mapindo yake hayakuonekana kwa nje hata ukiyatafuta kwa miwani. Binti yake wa miaka kumi na mmoja alikuwa na jina lake pia. Mama alimwita Kidole, kwa kuwa tangu utotoni kidole chake ndicho kilichobana fundo mama alipokuwa akifunga uzi.

Jumatatu hadi Ijumaa, mama alikuwa mali ya wateja. Jumamosi, saa tano kamili, alifunika cherehani kwa shuka kama anayemfunika mtoto aliyelala, akaoga, akavaa gauni lake la zambarau lenye vifungo vyeupe, akamgeukia Kidole na kumkagua kuanzia utepe wa nywele hadi soksi. Kisha wakaenda mjini kwa miguu, mama akishika upande wa barabara, binti upande wa maduka, kwa sababu, alivyosema mama, macho ya mtoto yanahitaji lishe.

Nayo yalilishwa vizuri. Walikula kwa macho kila dirisha la mtaa mkuu. Kwenye duka la viatu mama alimketisha Kidole kwenye kiti cha ngozi na kumjaribisha viatu ambavyo wote watatu, mama, binti na muuzaji, walijua havitanunuliwa siku hiyo. Muuzaji alipoanza kuvuta mdomo, mama alimwambia kwa upole kwamba mguu unaoujua ubora hautakubali kudanganywa ukubwani, na akamshukuru kwa elimu hiyo ya bure. Kwenye duka la vifungo, lenye visaduku vidogo kutoka sakafuni hadi darini, Kidole aliruhusiwa kuchagua kifungo kimoja kila wiki. Kimoja tu. Alikuwa akikaa robo saa nzima mbele ya visaduku vile, na mama hakumharakisha hata siku moja, ingawa wateja wawili walikuwa wakimsubiri nyumbani.

Baada ya vifungo ndipo walipoingia duka la vitambaa. Lilikuwa la ghorofa mbili, likinuka wanga na karatasi, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa umejaa nyuzi za kila rangi, zimepangwa moja baada ya nyingine kutoka nyeupe hadi nyeusi. Mama Pindo alisimama mbele ya ukuta ule kama watu wengine wanavyosimama mbele ya bahari.

Halafu, chakula. Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa duka hilo, kulikuwa na mgahawa wenye meza sita na dirisha pana. Mama na binti waliketi meza ya dirishani. Waliagiza sahani moja ya kuku na chipsi, uma mbili, na kipande cha keki yenye sukari ya waridi juu. Mama alimgawa kuku kwa kisu kana kwamba anakata kola: nusu kwa nusu, bila kombo. Lakini kabla ya kugusa chakula ilikuwa ni lazima ainue ncha ya kitambaa cha meza, aigeuze, na kulitazama pindo lake kwa ndani. Mhudumu wa makamo, aliyeitwa Mzee Trei kwa kuwa hakuitua trei yake hata akiwa anasimulia habari ndefu, alikuwa akisubiri hukumu.

"Mama Pindo, leo tumefaulu?"

"Aliyeshona hiki alikuwa anawahi basi," mama alisema. "Lakini leteni chakula, njaa haijui mshono."

Hivyo ndivyo zilivyokuwa Jumamosi za Kidole. Kama angeulizwa utajiri ni nini, angetaja dirisha lile.

Sasa lazima izungumzwe tabia moja ya kazi ya Mama Pindo, maana ndiyo iliyomponza. Nguo iliyoletwa kupanuliwa au kutiwa kiraka huhitaji uzi wa rangi yake, na rangi haibebwi kichwani. Ukiibeba kichwani utafika dukani na rangi nyingine. Kwa hiyo Mama Pindo alifumua kidogo mshono wa ndani, akakata kipande chembamba kutoka kwenye akiba ya kitambaa ambayo haionekani kwa nje, kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakibana kwa pini chini ya kola yake. Kila Jumamosi alikwenda mjini na vipande vitano au sita vimepangwa shingoni kama nishani zilizofichwa. Alipokwisha kununua uzi na kumaliza kazi, alikishonea kila kipande ndani ya pindo la nguo ile ile kilikotoka. Hakubaki na cha mtu. Kuna wanawake katika mtaa ule ambao mpaka leo wakilifumua gauni la zamani hukuta humo ndani kijipande cha gauni lenyewe, kimelala kwa adabu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu alikuwa na kipande cha suti ya nesi wa zahanati. Nesi alikuwa amenenepa kidogo na alitaka suti ipanuliwe kabla ya harusi ya mdogo wake. Kitambaa chake, kijivu chenye mistari myembamba ya samawati, nesi alikuwa amekinunua mwaka mmoja nyuma katika duka lile lile. Na jora lake lilikuwa bado lipo, limeegemea ukuta, hatua mbili kutoka kwenye nyuzi.

Mama Pindo alifungua pini, akatoa kipande, akakisogeza kwenye nyuzi za kijivu, kisha, kwa kuwa aliliona jora na alitaka kujua kama suti ya nesi imepauka, akakilaza kipande juu ya jora. Muuzaji mmoja akaona mkono, akaona kipande, akaona jora. Hakuhitaji kuona zaidi. Akamwita msimamizi.

Msimamizi huyu wafanyakazi walimwita Bwana Tai, kwa jinsi tai zake zilivyokuwa pana kiasi cha kumfunika kifua. Alikuwa na hofu moja maishani, nayo ni kwamba wafanyabiashara wenzake walikuwa wakituma watu kuiba sampuli za vitambaa vyake ili wakaagize mzigo kama wake. Kwa muda mrefu alikuwa ameisubiri siku hii. Alikipokonya kipande kwa ncha za vidole, akakifananisha na jora mbele ya wateja wote, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayefurahi.

Mama Pindo hakupandisha sauti. Alimwomba akiinue kipande kwenye mwanga. Alimweleza kwamba pembeni yake kuna matundu ya sindano, mstari mzima, yaliyoachwa na mshono wa zamani, na kwamba kitambaa kilichokatwa sasa hivi kutoka kwenye jora hakiwezi kuwa na matundu hayo kwa sababu hakijawahi kukutana na sindano. Yalikuwa maelezo ya nusu dakika. Dirisha lilikuwa pale pale.

"Sikuajiriwa kufundishwa kitambaa na mshonaji wa uani," Bwana Tai alisema, akakitia kipande kwenye bahasha. "Leo kipande, kesho jora zima. Toka."

Kidole alikuwa ameshika mkoba wa mama. Miaka mingi baadaye hakukumbuka sana sura za watu, ila alikumbuka jinsi njia ilivyofunguka kati yao hadi mlangoni, kila mtu akivuta nguo yake pembeni isimguse mama. Walipokuwa mgahawani, kwa kuwa mama alikataa katakata kwenda nyumbani bila kula, waliona kupitia dirishani ubao ukigeuzwa na Bwana Tai akipinda mgongo kuandika. Siku hiyo mama hakuligeuza pindo la kitambaa cha meza. Alimgawa kuku sawa kwa sawa kama kawaida, na akala sehemu yake yote, taratibu, bila kuyatoa macho kwenye ule mkono ulioandika.

Habari ilifika mtaani kabla yao. Kufikia Jumatatu wateja watatu walikuwa wamekuja kuchukua nguo zao, kila mmoja na kisingizio chake. Mmoja aliuliza waziwazi kama ni kweli kwamba hukata nguo za watu. Mama Pindo akajibu kuwa ni kweli, na kwamba akafumue pindo la sketi aliyoivaa atakuta jibu lake. Mwanamke aliona haya kufumua sketi akiwa ndani yake, akaondoka na nguo zake.

Mama mdogo, mdogo wake Mama Pindo, alikuja na ushauri. Alikuwa mtu mwema aliyeamini kwamba aibu hupungua ukiizunguka. Alipendekeza dada yake apitie mtaa wa nyuma, anunue nyuzi kwenye vibanda vya sokoni, au amtume Kidole dukani, maana mtoto hakuandikwa. Baada ya miezi michache watu wangesahau.

"Nikipita nyuma, mdogo wangu, nitakuwa nimeweka sahihi chini ya ule ubao," Mama Pindo alimjibu. "Na mwanangu nikimtuma, nitakuwa nimemfundisha kuingia kwa mlango ambao mama yake ameambiwa hafai. Nyuzi za sokoni nitanunua. Njia sibadilishi."

Hakuibadilisha. Jumamosi iliyofuata, saa tano kamili, alifunika cherehani, akavaa gauni la zambarau, akamkagua Kidole kwa ukali kuliko siku zote. Viatu vilijaribiwa. Kifungo kilichaguliwa. Walipofika mbele ya duka la vitambaa, mama akasimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu, mkabala na ubao, akamwambia binti yake asome.

Kidole alitamani ardhi ipasuke. Alisoma kwa kunong'ona. Mama akamwambia asome kama anavyosoma shuleni. Basi akasoma, neno kwa neno, sauti ikimtetemeka, na watu wakageuka, na mlinzi wa duka akaangalia viatu vyake.

"Umesoma vizuri," mama alisema. "Kilichoandikwa ni uongo, lakini umekisoma vizuri. Twende tukale."

Wakafanya hivyo Jumamosi ya pili, na ya tatu, na ya nne. Hapana budi isemwe kwamba Kidole hakupenda. Wiki ya tatu alilia usiku kucha akaomba abaki nyumbani, na mama akakaa kitandani karibu naye akamweleza kwamba anaweza kubaki, hatakasirikiwa, lakini yeye mwenyewe atakwenda, na kuku atamla nusu, nusu ataiacha kwenye sahani. Asubuhi Kidole alivaa soksi bila kuambiwa. Wiki ya tano sauti haikutetemeka tena. Wiki ya saba alikuwa akisoma kwa vituo vyote, kama mtangazaji wa redio, na mlinzi, masikini, alianza kutafuta kazi ya kufanya upande mwingine wa jengo kila saa saba ilipokaribia. Mgahawani Mzee Trei aliweka kibao cha "imehifadhiwa" kwenye meza ya dirishani, ingawa mgahawa ule haukuwa na utaratibu wa kuhifadhi meza, na mtu mwenye haraka alipolalamika, alimwambia kwamba meza hiyo ina kesi inayoendelea.

Kazi, hata hivyo, ilikuwa imepungua, wala uchungu wake usifichwe. Nyuzi za sokoni zilikuwa rangi kumi na mbili tu. Mama Pindo, ambaye hakuwahi kuitoa nguo ikiwa na uzi usiolingana, sasa alizitoa akiwa ameuma midomo. Suti ya nesi aliimaliza yote isipokuwa sehemu moja. Ubavuni kwa ndani, pale alipokata kile kipande, aliacha mshono wazi na kuupiga bandi tu, nyuzi ndefu za kushikiza. Nesi alipouliza, aliambiwa kwamba mshono hautafungwa mpaka kipande chake kirudi nyumbani, kwa kuwa ni mali ya mteja na yeye hajawahi kubaki na mali ya mteja.

Nesi alikwenda harusini na mshono wa bandi. Alicheza kwa uangalifu. Lakini alikuwa mwanamke aliyezoea kufungua vidonda na kuvitazama, na jambo lile lilimkereketa. Jumamosi ya kumi na moja alitoka zamu, akavaa suti, akaingia duka la vitambaa, akaomba kuonana na msimamizi. Yaliyotokea aliyasimulia mwenyewe baadaye, kwenye meza ya dirishani, kati ya chipsi na chipsi. Alimtaka Bwana Tai alete bahasha. Bwana Tai akaumauma maneno. Nesi akavua koti lake juu ya meza ya kukatia, akaligeuza nje ndani, akakata nyuzi za bandi kwa mkasi wa duka, na mshono ukafunguka. Pengo likaonekana, dogo kama ukucha. Akasema kwamba hataondoka wala hatalivaa koti lake mpaka bahasha ije, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa na sauti ya wodini, bahasha ilikuja. Kipande kikaingia kwenye pengo kama jino kwenye ufizi. Mistari ya samawati ikaungana na mistari ya samawati, matundu ya sindano yakafuatana na matundu ya sindano. Muuzaji aliyeona mkono, akaona kipande, akaona jora, safari hii aliona na matundu.

Bwana Tai alivuka barabara dakika chache baadaye. Alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akaagiza soda tatu ambazo hakuna aliyeziomba, na kuweka bahasha mezani. Aliongea kwa sauti ya chini. Alisema limekuwa jambo la bahati mbaya, kwamba binadamu hukosea, kwamba kuanzia leo Mama Pindo anakaribishwa dukani saa yoyote, na kwamba ubao ataufuta jioni watu wakishapungua.

Mama Pindo alikitoa kipande, akakitazama pande zote mbili, akampa nesi. Soda hakuigusa.

"Kaka," alisema, "siku ya kuniandika ulisubiri watu wapungue?"

Bwana Tai akanyoosha tai yake.

"Uliniandika mlangoni, nisafishe mlangoni. Ubao ule ule, wino ule ule. Na maneno yako ya radhi yakae hapo siku sawasawa na nilizokaa mimi, hata moja isipungue."

Bwana Tai alimweleza kwamba duka nalo lina heshima yake. Mama Pindo alimjibu kwamba analijua hilo, ndiyo maana anamwambia aitunze. Bwana Tai akainuka, akasema atafikiria, na Mzee Trei, trei mkononi, akamkumbusha kuhusu soda tatu.

Ubao haukufutwa jioni ile. Jumamosi ya kumi na mbili Kidole aliusoma, na safari hii hakusoma peke yake: nesi alikuwa nyuma yake, na mama mdogo, ambaye alikuja akisema anapita tu, na wanawake wawili kati ya wale watatu waliochukua nguo zao. Walikuwa wamefumua mapindo yao. Siku mbili baadaye ujumbe ulifika chumbani, ukiletwa na mlinzi, aliyevua kofia na kukataa kuketi. Ilikuwa rasimu. Ilisema kwamba kutokana na kutoelewana kulikotokea baina ya duka na mteja, duka linasikitika.

Mama Pindo aliisoma akiwa amebana pini mdomoni. Akazitema moja moja kiganjani.

"Tulielewana vizuri sana," alimwambia mlinzi. "Yeye alisema mwizi, na mimi nikasikia mwizi. Mwambie afumue."

Rasimu ya pili ilikuja Alhamisi. Ilikiri kwamba mteja hakuiba, lakini haikusema ni nani aliyesema kuwa ameiba. Tuhuma ilikuwa imejitokeza yenyewe, kama ukungu. Mama Pindo aliichukua chaki yake ya kukatia, akapiga alama pale palipopwaya, akairudisha. Mlinzi, alipofika mlangoni, alinong'ona kwamba yeye mwenyewe anamwombea asilegeze.

Ya tatu ilisema: "Tarehe 10 Machi 1990 msimamizi wa duka hili alimwita Mama Pindo mwizi mbele ya watu. Hakukitazama kipande. Kipande kilikuwa cha mteja wake. Msimamizi alikosea, na duka linamwomba radhi." Ilibandikwa juu ya ubao ule ule Jumamosi, tarehe 9 Juni 1990, saa nne asubuhi, watu wakiwa wengi, na ikakaa hadi tarehe 8 Septemba mwaka huo. Tangu hapo duka lile halijaandika jina la mteja yeyote mlangoni, na kwenye meza ya kukatia huwekwa kisahani cha pini kwa ajili ya washonaji wanaokuja na vipande vyao.